Friji niliyonunua mtandaoni imeacha kugandisha na muuzaji hapokei simu: je, nimwanike?

Ndugu Mshauri,

Salamu nyingi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mkazi wa Kimara, Dar es Salaam, na mama wa watoto watatu. Nakuandikia nikiwa na hasira iliyonikaa kifuani kwa wiki kadhaa, na naomba ushauri wako kabla sijafanya jambo ambalo huenda nikashindwa kulirudisha nyuma.

Niliamua kuuza cherehani yangu ya kukanyaga kwa mguu, ambayo bado inashona vizuri, ili nichanganye fedha yake na mgao wangu wa kikundi cha kina mama ninunue friji iliyotumika, kwa kuwa mpya ya dukani siimudu kwa mshahara wangu. Nilipiga picha, nikaweka tangazo katika tovuti moja ya kuuzia vitu vilivyotumika na katika makundi ya mtaani kwetu, bei shilingi 180,000, maelewano yapo. Tangu siku hiyo simu haikutulia, lakini wanunuzi sikuwaona. Mmoja anauliza "Ipo?", nikijibu kwamba ipo, hasemi tena neno. Mwingine anaanza na "Bei ya mwisho?" bila hata salamu, na nikimtajia ananipa 70,000. Yupo aliyenihakikishia kwamba atafika Jumamosi saa nne asubuhi, nikaacha kwenda kumwona mgonjwa hospitalini ili nimsubiri. Hakuja wala hakupokea simu. Kisha jirani yangu akanionyesha tangazo jingine lenye picha ile ile ya cherehani yangu, hata pazia langu la sebuleni linaonekana, ila bei ni 260,000 na namba ya simu ni ya dalali nisiyemjua.

Baadaye akatokea mtu aliyekubali bei bila kuomba nimpunguzie hata shilingi, akasema yuko kazini na kwamba atamtuma bodaboda kuichukua na kunilipa kwa simu. Bodaboda alipofika, papo hapo ukaingia ujumbe kwamba nimepokea shilingi 180,000, ukiwa na jina la mtumaji na namba ya muamala. Tulikuwa tumeshaanza kuifunga cherehani kwa kamba mwanangu wa kwanza alipoomba simu akaangalia salio, akakuta hakijaingia kitu. Ujumbe ulikuwa umetoka kwenye namba ya kawaida ya mtu binafsi. Nilipompigia akanifokea kwamba mtandao una shida na kwamba namcheleweshea kijana wake. Kijana mwenyewe, maskini, alikuwa hamjui aliyemtuma na nauli hajalipwa. Mwishowe cherehani niliiuza kwa 140,000 kwa fundi wa nguo wa hapa mtaani.

Sasa friji. Niliipata kwa dada mmoja wa Tabata aliyeandika katika tangazo lake kwamba anahama, kwamba friji ameitumia miaka miwili na kwamba "haijawahi kuguswa na fundi". Nilikwenda mwenyewe, nikaikuta inawaka na imegandisha barafu, nikamlipa 350,000. Tuliipakia kwenye kirikuu tukailaza, kwa sababu dereva alikuwa na mizigo mingine na aliogopa nyaya za barabarani. Tulipofika nyumbani tuliiwasha mara moja, maana nilikuwa nimenunua nyama. Siku mbili iligandisha kwa kusuasua, ya tatu ikaacha kabisa. Taa inawaka, lakini ndani ni joto. Nilipomwambia muuzaji, alinijibu, "Uliiona inafanya kazi," na baada ya simu zangu nyingine tatu akaifungia namba yangu.

Ninayo picha yake akiwa na watoto wake, ninayo namba yake ya simu na nyumba yake naijua. Mdogo wangu ananihimiza nimwanike katika makundi yote ya Dar es Salaam ili watu wamjue kuwa ni tapeli. Mume wangu anasema niachane naye, kwamba kitu kilichotumika hakina dhamana na ukishalipa umelipa. Nifanye nini? Na kwa kuwa mwanangu anaanza chuo na anataka nimnunulie simu iliyotumika kutoka huko huko mitandaoni, je, nikubali?

Mwalimu, Kimara.

JIBU

Mwalimu, pole sana kwa yote hayo. Nianze na lile ambalo mkono wako unakuwasha kulitenda: usiweke picha ya dada huyo mtandaoni. Katika maelezo yako mwenyewe kuna jambo ambalo huenda limeiharibu friji baada ya kutoka nyumbani kwake, na mpaka sasa hakuna fundi aliyeikagua akakuambia vinginevyo.

Umesema friji ililazwa kutoka Tabata hadi Kimara na kwamba iliwashwa mara tu ilipoingia ndani. Ndani ya kompresa, yaani lile pipa dogo jeusi lililo nyuma ya friji kwa chini, mna mafuta ya kulainisha mashine. Friji ikiwa imesimama, mafuta hayo hutulia chini mahali pake; ikilazwa, hutiririka yakaingia katika mabomba ambamo inapaswa kupita gesi ya kupozea. Ukiiwasha kabla mafuta hayajarudi, kompresa huzunguka ikiwa na upungufu wa mafuta, tena hulazimika kusukuma kimiminika wakati iliundwa kusukuma gesi, na hapo inaweza kuumia yenyewe au ule mrija mwembamba wa gesi ukaziba. Ndiyo maana mafundi husisitiza friji isafirishwe ikiwa imesimama na kufungwa vizuri, na kama hapana budi kuilaza, iachwe imesimama kwa saa kadhaa kabla ya kuwashwa. Ikiwa ililazwa kwa muda mrefu, ni salama zaidi kusubiri hata saa 24. Madereva wengi hawalisemi hili na wauzaji wengi hawalijui. Inawezekana kabisa kwamba dada yule aliona friji yake ikigandisha asubuhi ile, akakuuzia kwa nia njema, na simu zako za lawama akazichukulia kuwa ni hila ya kumrudishia chombo kilichoharibikia mikononi mwako.

Inawezekana pia kwamba alikuficha jambo. Tofauti ya hayo mawili iko katika mwili wa friji yenyewe, nayo inaonekana kwa macho.

Mtafute fundi wa friji anayefahamika mtaani kwako, na umkatae yule ambaye kabla ya kukagua lolote amekwisha kufungua mtungi wake ili ajaze gesi. Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ile ya kupikia. Huzunguka humo humo mwaka hadi mwaka, na ikipungua maana yake ipo sehemu inayovuja. Kabla hajafika, unaweza kuangalia mwenyewe mambo machache. Taa ya ndani isikupe moyo, kwa kuwa haihusiani na kugandisha. Sogeza friji mbele, weka kiganja karibu na kompresa bila kuigusa, maana inaweza kuwa ya moto sana, na usikilize. Ikiwa inatoa mlio mfupi wa kubofya kila baada ya dakika chache kisha inanyamaza, inashindwa kuanza, na kosa linaweza kuwa la kifaa kidogo cha kuiwashia ambacho gharama yake si kubwa, au la kompresa yenyewe. Ikiwa inanguruma bila kukoma lakini mabomba ya kutolea joto hayapati joto na ndani hakupoi, huenda gesi imevuja au mrija umeziba. Kagua pia kuta za sehemu ya kugandishia, kwa sababu friji nyingi katika nyumba zetu hufa kwa kisu cha mtu aliyekuwa akikwangua barafu: ncha ikitoboa bati lile laini hata kwa tundu la sindano, gesi yote hutoka. Tundu la namna hiyo, kama ni la zamani, lingezuia friji isigandishe siku ulipoiona. Kama ni jipya, waulize watoto wako kwa upole.

Fundi akifika, mwombe akuonyeshe kibomba kifupi kinachochomoza kwenye kompresa, ambacho gesi hupitishiwa wakati wa kujazwa. Kwa kawaida friji inayotoka kiwandani kibomba hicho huwa kimebanwa na kuzibwa moja kwa moja. Ukikuta kimeungwa vali yenye kifuniko cha kufunga na kufungua, hiyo ni dalili kwamba fundi fulani aliwahi kujaza gesi. Tazama pia kama kuna maungio ya mabomba yaliyochomelewa kwa namna isiyolingana na mengine. Piga picha ya kila utakachokiona na umwombe fundi aandike kwa mkono wake alichokikuta, tarehe na jina lake. Na kabla hajawasha moto wa kuchomelea, asome kibandiko cha nyuma: kikisema R600a, gesi iliyomo inashika moto, hivyo ni lazima itolewe yote kwanza, mahali penye hewa ya kutosha. Jambo hili naliandika kwa msisitizo kwa sababu kazi yenyewe itafanyika uani kwako, penye watoto.

Sasa nije kwa shemeji yangu anayesema kitu kilichotumika hakina dhamana. Ana ukweli, ila wa upande mmoja. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, haimbebeshi mtu wa kawaida anayeuza chombo chake cha nyumbani wajibu ule ule wa ubora inaombebesha mfanyabiashara wa bidhaa hizo, hasa pale mnunuzi alipopewa nafasi ya kukikagua. Kwa hiyo, ikiwa friji imekufa kwa kulazwa, hasara ni yako, na dada yule hana deni. Lakini kitu kinachouzwa kwa maelezo kinapaswa kulingana na maelezo hayo, na yeye aliandika kwa hiari yake kwamba friji haijawahi kuguswa na fundi. Vali ile ikionekana, maneno yake yatakuwa hayakuwa ya kweli, na hapo unayo haki ya kudai. Kwa hiyo leo hii, kabla hujalala, lifungue tangazo lake na upige picha ya skrini yenye maelezo yote, bei na tarehe, maana matangazo hufutwa. Hifadhi na mazungumzo yenu yote pamoja na ujumbe wa malipo.

Ukishakuwa na ushahidi, mwandikie kwa namba nyingine, mara moja tu, kwa adabu. Unaweza kusema hivi: "Dada, habari za siku. Fundi ameikagua friji uliyoniuzia na amekuta iliwahi kufunguliwa na kujazwa gesi, ilhali tangazo lako lilisema haijawahi kuguswa. Nakutumia picha na maelezo yake. Naomba tuzungumze namna ya kugawana gharama za matengenezo." Angalia kwamba huombi urudishiwe fedha yote, unaomba mgawane gharama, na mtu ambaye hakukusudia ubaya huweza kulikubali hilo bila kujiona amevuliwa nguo. Akikaa kimya, nenda ofisi ya serikali ya mtaa wake Tabata, umweleze mwenyekiti na uombe aitwe mkae pamoja. Wenyeviti wetu wamezoea mashauri ya namna hii, na wito wa ofisi ya mtaa una uzito ambao simu yako haina. Hilo likishindikana, Mahakama ya Mwanzo hupokea madai madogo ya fedha. Sikushauri ukimbilie huko kwanza, kwa kuwa vipindi utakavyovikosa darasani vinaweza kukugharimu kuliko fundi.

Kuhusu kumwanika, fikiria kwa makini unachokusudia kukiachia. Ile picha ina watoto. Namba ya simu ya mwanamke ikisambazwa ikiwa na neno tapeli, hupigwa usiku wa manane na wanaume wasiojua hata friji ni ipi, na hata ukiifuta kesho, wengine watakuwa wameshaihifadhi. Zaidi ya hapo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuchapisha taarifa za uongo au za kupotosha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za watu kama hizo unazotaka kuzitawanya. Fundi akisema friji iliharibika kwa kulazwa, wewe mwalimu ndiye utakayesimama mbele ya polisi ukieleza kwa nini ulimwita mama wa watu tapeli.

Tapeli halisi katika barua yako ni yule wa cherehani, nami nasikitika kwamba hasira zako nyingi zimeelekea Tabata wakati huyu hujamchukulia hatua yoyote. Alichokifanya ni jinai tangu mwanzo hadi mwisho, hata kama hakufanikiwa. Namba yake itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa ajili ya kuripoti matapeli wa simu, na uhifadhi ule ujumbe wake wa uongo kwa ajili ya polisi. Mpongeze mwanao pia, kwa sababu alifanya jambo la pekee linaloaminika, yaani kuangalia salio. Ujumbe wa kweli wa muamala huja kwa jina la huduma yenyewe, katika mfululizo ule ule wa jumbe zake za awali, hautoki kwenye namba ya mtu. Lakini hata jina lisikutoshe, maana jicho la mtu mwenye haraka hudanganyika, na matapeli huchagua saa ambayo mzigo umeshafungwa kwenye pikipiki na kijana amesimama mlangoni akiwa na haraka. Mnunuzi anayekubali bei bila kuona kitu, bila kuuliza swali na bila kuja mwenyewe, mtilie shaka tangu hapo. Na kwa kuwa laini wanazotumia mara nyingi husajiliwa kwa vitambulisho vya watu wengine, piga *106# uone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoitambua ukaifute.

Haya ya "Ipo?" na "Bei ya mwisho?" hayatakwisha, Mwalimu, kwa sababu kuuliza hakumgharimu mtu kitu, na wapo wanaouliza matangazo ishirini kwa jioni moja wakiwa hawana nia ya kununua. Unachoweza ni kuyapunguza kwa tangazo lililoandikwa vizuri: umri wa chombo, kwa nini unauza, kasoro yake pamoja na picha ya kasoro hiyo, mtaa ulipo, saa za kuja kukiona, na kwamba malipo hufanyika mbele yako baada ya salio kuonekana. Andika kwenye karatasi namba yako ya simu na uiweke juu ya cherehani unapoipiga picha; dalali ataona tabu kuichukua. Sina ugomvi na madalali, kwa kuwa wengi wao hutafuta wateja kwa jasho lao, lakini kuchukua picha ya sebule ya mtu bila kumwambia na kuongeza 80,000 juu ya bei yake ni utovu wa haki, na tovuti nyingi zina sehemu ya kuripoti tangazo la aina hiyo. Mtu akiahidi kuja, mwambie utamsubiri mpaka saa fulani, kisha uendelee na ratiba zako. Usiahirishe tena kumwona mgonjwa kwa ajili ya sauti usiyoijua.

Simu ya mwanao unaweza kuinunua, ila asitangulize fedha. Yapo maneno ya "tuma kidogo nikushikie" au "tuma nauli ya bodaboda". Anayeyasema aachwe hapo hapo. Wakutane mchana, mahali penye watu, kama vile ndani ya benki au kwenye duka la huduma la kampuni ya simu, naye asiende peke yake. Apige *#06#, asome tarakimu 15 zitakazotokea, azilinganishe na zilizo kwenye boksi, kisha azitume kwenda 15090 ili ajue kama simu ni halisi, kwa maana tangu Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipozizima simu bandia, kifaa cha aina hiyo hakina kazi mtandaoni. Aweke laini yake apige na kupigiwa, ajaribu kamera, chaji na spika. Kubwa kuliko yote, muuzaji aondoe akaunti yake mbele ya mwanao na simu irudishwe katika hali ya kiwandani kabla ya malipo, kwa sababu simu ambayo bado imefungwa kwa akaunti ya mwenyewe wa kwanza itadai nywila ambayo mwanao hatakuwa nayo, na mara nyingi hiyo ni dalili kwamba anayeiuza aliiokota au aliiiba. Kupokea mali ya wizi ni kosa hata kwa aliyelipa, ikiwa mazingira yalimpa sababu ya kujua. Hivyo waandikiane karatasi fupi yenye tarakimu zile 15, bei, tarehe, majina na namba za vitambulisho vyao, kila mmoja abaki na nakala. Muuzaji akikataa kuandika namba ya kitambulisho chake, mwanao arudi nyumbani na fedha yake.